Akiba ya Nyumbani Siku Baba Anapoitwa Kazini

Mvua kubwa inaponyesha usiku katika nchi ya Uganda, watu wengi huamka, wakafunga madirisha, wakarudi kulala. Katika nyumba ya askari mambo huwa mengine. Simu hulia au mjumbe hubisha mlango, na kabla ya saa moja kupita baba amekwisha kuvaa buti na kupanda lori kwenda kuwaokoa watu wa wilaya nyingine. Mke na watoto hubaki. Mvua ile ile inayomwita baba huko mbali ndiyo inayowanyeshea wao kambini, na pengine nguzo ya umeme imekwisha kuanguka na bomba linatoa hewa tupu.

Kwa sababu hiyo habari ya akiba ya dharura ina uzito zaidi katika nyumba ya askari kuliko katika nyumba nyingi nyingine. Mkulima mlima ukimporomokea jirani yake, yuko pale na jembe lake. Mwenye duka akisikia tetemeko hukimbilia kwa watoto wake. Askari wa jeshi au wa polisi, kwa desturi ya kazi yake, hayupo nyumbani saa hizo. Basi akiba yafaa ipangwe na mume na mke pamoja, lakini ijulikane barabara na yule atakayebaki. Na siku hizi yawezekana mama ndiye mwenye kuvaa buti na baba ndiye wa kubaki, au wote wawili ni askari na watoto wanaachiwa jirani. Hapo jirani naye hana budi aonyeshwe kila kitu kilipo.

YALIYOKWISHA KUTOKEA

Wako wanaosema kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali, zenye tufani za baharini na milima ya moto. Kumbukumbu za hapa hapa zinawakanusha. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua nyingi, sehemu ya mlima Elgon iliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa. Miili karibu 100 ilifukuliwa, na watu wengi zaidi ya hao hawakuonekana tena. Wanajeshi waliopelekwa huko walichimba kwa majembe na sepetu, kwa kuwa mitambo mikubwa haikuweza kupanda njia zile. Mlima huo uliporomoka tena Juni 2012, na tena Oktoba 2018. Na mwezi wa Novemba 2024 maafa yakawafikia watu wa Bulambuli.

Upande wa magharibi ni mito inayotoka Rwenzori. Mei 2013 mto Nyamwamba ulivunja kingo zake, ukashuka na mawe makubwa hadi Kilembe na Kasese, hata hospitali ya Kilembe ikaingiliwa na maji. Mei 2020 mto ukarudi, na hospitali hiyo hiyo ikaharibiwa. Mwishoni mwa Julai 2022 ikawa zamu ya mji wa Mbale, ambako mito Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku na kuwachukua watu zaidi ya 20. Watu wa Toro hawajasahau tetemeko la Machi 1966 lililoua zaidi ya watu 100, wala lile la Februari 1994. Wale wa Rakai waliona kuta zikipasuka Septemba 2016, ingawa kitovu cha tetemeko kilikuwa ng'ambo ya mpaka, katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Radi nayo, ambayo wengine huidhania kuwa jambo dogo, iliwaua wanafunzi 18 pamoja na mwalimu wao katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo, Juni 2011.

Kuhusu umeme, hadithi ni ya aina mbili. Miaka ya 2005 na 2006 Ziwa Victoria lilipungua mno, mitambo ya Jinja ikakosa maji ya kutosha, na miji ikaishi kwa mgao. Mwaka 2020 ikawa kinyume: ziwa lilijaa kupita kiasi, na mwezi wa Aprili kisiwa kinachoelea, chenye majani na udongo wake, kikasukumwa hadi bwawani, kikaziba mitambo, na karibu nchi nzima ikaingia gizani. Kwa hiyo maji yakipungua ni giza, na maji yakizidi ni giza. Mabwawa ya Bujagali na Karuma yameongezwa, na umeme wenyewe si haba kama zamani. Lakini umeme husafiri juu ya nguzo za miti, na nguzo ikianguka haisaidii kitu kuwa bwawa lina nguvu nyingi.

MAJI KABLA YA YOTE

Mtu aweza kustahimili siku kadhaa bila chakula. Bila maji, hata siku 3 ni nyingi. Tena maji ya bomba kambini hutegemea pampu, na pampu hutegemea umeme. Taa zikizimika leo na zisiwake, mama mwenye kuona mbali hujaza vyombo vyote usiku ule ule, kabla tangi la juu halijaisha na kabla mstari wa jerikeni haujafika getini.

Kwa kunywa, kupika na kunawa tu, pasipo kufua nguo, mtu mmoja huhitaji kadiri ya lita 7 kwa siku. Nyumba ya watu 6 hutaka lita 42, yaani jerikeni 2 za lita 20 na ziada kidogo. Kwa siku 3 zatakiwa jerikeni 6, na ya 7 ianze kuguswa. Hapa ndipo mashauri mengi ya vitabuni yanaposhindwa, kwa maana aliyeyaandika alikuwa na nyumba yenye ghala. Unipoti ya bati haina mahali pa kuweka jerikeni 7 na kitanda na meza na watoto. Njia iliyo bora ni kugawa maji kwa kazi zake. Jerikeni 3 za maji safi ya kunywa na kupikia zikae ndani, chini ya kitanda, zimefungwa vizuri, na zibadilishwe kila baada ya majuma machache. Maji ya kunawa na ya chooni yakusanywe nje, katika pipa moja lenye mfuniko ambalo nyumba mbili au tatu zaweza kulichangia na kuliweka chini ya michirizi ya bati. Mvua ya dakika za kwanza iachwe ioshe paa, ndipo pipa lisogezwe. Mfuniko usisahauliwe, la sivyo pipa litakuwa shamba la mbu.

Jerikeni iliyowahi kutiwa mafuta ya taa, petroli au dawa ya kuua wadudu isitumiwe kamwe kwa maji ya kunywa, hata ikioshwa kwa sabuni mara kumi. Ile ya mafuta ya kupikia yafaa, baada ya kusuguliwa kwa maji ya moto.

Mafuriko yanapopita, visima na mabomba huchanganyika na uchafu wa vyoo, na ndipo kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara hupata njia. Maji ya aina hiyo kwanza yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha yachemshwe. Yakianza kutokota kwa nguvu, dakika 1 yatosha. Katika nchi za juu kama Kabale, ambako maji huchemka upesi kabla ya kupata joto lote, ziwe dakika 3. Makaa yakikosekana, kuna vidonge vya kusafishia maji, na kila kimoja kimetengenezwa kwa kiasi chake cha maji kilichoandikwa juu ya karatasi. Kiasi hicho kifuatwe bila kukisia. Na pale ambapo hata vidonge havipo, maji yasiyo na tope yaweza kutiwa katika chupa za plastiki zinazoonyesha upande wa pili, zikalazwa juu ya bati katika jua kali muda wa saa 6. Mbingu zikiwa na mawingu, chupa zikae siku 2.

Mtoto akiharisha kabla ya kufika zahanati, dawa iko jikoni. Katika lita 1 ya maji safi hutiwa vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Anyweshwe kidogo kidogo, hata kama anatapika. Chumvi ikizidi hudhuru. Kwa hiyo ni vizuri kuacha kijiko kimoja ndani ya sanduku la akiba kwa kazi hiyo tu, maana kijiko cha kukisia katika giza huwa kikubwa.

MOTO UNAOUA BILA KUWAKA

Akina mama wengi wanaogopa moto unaowaka. Wachache wanauogopa moto wa makaa uliokwisha kutulia na kuwa mwekundu, nao ndio wenye hila zaidi. Usiku wa mvua na baridi, umeme ukiwa umekatika, sigiri huingizwa ndani ili watoto wapate joto, mlango ukafungwa, na watu wakalala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo hushika damu mahali pa hewa safi, na mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kulegea, kisha akapitiwa na usingizi asiamke. Nyumba ya bati iliyozibwa kwa magunia ili mvua isiingie ni chumba kibaya kabisa kwa jambo hilo. Sigiri ipikiwe nje au barazani, na joto la usiku litafutwe katika blanketi na soksi na kulala pamoja. Mtu akikutwa amelegea katika chumba chenye makaa, atolewe nje upesi kabla ya kuuliza lolote, na apelekwe hospitali.

Mshumaa una makosa yake. Katika chumba kimoja chenye chandarua, nguo zilizotundikwa na godoro la sponji, mshumaa uliobandikwa juu ya kiti kwa nta yake huhitaji mtoto mmoja tu ajigeuze usingizini. Usimame ndani ya kopo lenye mchanga, mbali na pazia na chandarua, na uzimwe kabla ya mtu wa mwisho kulala. Koroboi ya mafuta ya taa si bora kuliko mshumaa. Na mafuta yanayouzwa barabarani kwa bei nafuu huwa pengine yamechanganywa na petroli, ambayo hulipuka. Taa ndogo ya jua, inayowekwa juu ya bati mchana na kuingizwa usiku, imekuwa na bei ya kununulika, nayo haina moshi wala mwali. Kama nyumba ina fedha ya kununua kitu kimoja tu mwezi huu, kiwe hicho.

Ndoo ya mchanga ikae karibu na mlango wa jiko. Mafuta yakishika moto, maji huyatawanya na kuukuza. Mchanga au blanketi lililoloweshwa ndivyo huuzima.

Kwa vyombo vya umeme, kanuni ni fupi. Umeme ukikatika, televisheni, redio kubwa na jokofu vichomolewe ukutani, taa moja iachwe ili itoe habari umeme ukirudi, na vyombo visirudishwe mpaka taa hiyo imewaka kwa utulivu dakika kadhaa, kwa kuwa umeme hurudi mara nyingi na nguvu isiyo ya kawaida. Wakati wa radi pia vichomolewe, na watoto wasikae barazani wala chini ya mti. Waya ulioanguka chini usiguswe hata kama nyumba zote ziko gizani. Giza si ushahidi kwamba waya umekufa. Na wale wenye mita ya kulipia kabla, ambayo wengi huiita Yaka, wasingoje mpaka uniti ziishe usiku wa Jumapili, wakidhani ni nguzo iliyoanguka. Giza la aina hiyo mtu amejitengenezea mwenyewe.

CHAKULA KISICHOHITAJI MAKAA MENGI

Watu wengi wakisikia neno akiba huwaza gunia la maharagwe. Maharagwe ni mazuri, lakini huomba saa mbili au tatu za moto na maji mengi, na siku ya dharura ndivyo vitu hasa vinavyokosekana. Anayeyategemea ayaloweke tangu usiku, ayachemshe, kisha akifunike chungu na kukifunga kwa mablanketi ndani ya kikapu, kiendelee kuiva kwa joto lake. Unga wa posho hupikika haraka zaidi, ila nao ununuliwe kwa kiasi cha kula katika miezi michache. Unga uliopata unyevu hushika ukungu wenye sumu, kama zinavyofanya karanga zilizofubaa na kuwa chungu. Vitu hivyo vitupwe, wala wasipewe kuku.

Hakuna sababu ya kutafuta akiba katika makopo ya bei ghali. Kambi ya Uganda hukusanya watu wa kila upande, na karibu kila upande ulijua zamani namna ya kuweka chakula kwa siku mbaya. Mama atokaye Teso anajua amukeke, viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kukaushwa juani, na inginyo, vile vilivyopondwa kabla ya kuanikwa. Vyote viwili hukaa miezi na huiva upesi. Atokaye Acholi anajua odii, karanga na ufuta vilivyokaangwa na kusagwa pamoja, ambavyo haviharibiki upesi bila jokofu, na kijiko kimoja tu humtia mtoto nguvu. Atokaye Bugisu, huko huko kwenye mlima unaoporomoka, anajua malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, yanayongoja juu ya jiko mpaka yatakapohitajiwa. Mwenye kukaa karibu na ziwa anajua mukene, samaki wale wadogo wakavu, ambao wakianikwa juu ya chandarua badala ya mchanga huwa safi na hukaa zaidi. Ulezi uliokaangwa na kusagwa huwa uji kwa muda wa kuchemsha maji tu.

Ni jambo la kusikitisha kwamba binti aliyezaliwa kambini mara nyingi hajui hata kimoja cha vitu hivyo, ila chapati na mandazi vinavyouzwa getini. Akina mama wanaoishi safu moja wangeweza kupeana: huyu amukeke, yule odii. Mbali na ujirani unaopatikana, kila nyumba ingekuwa na chakula cha siku 3 bila ya kugusa posho ya mwezi.

Pamoja na hivyo ziwepo sukari, chumvi, majani ya chai, na kwa mtoto mchanga vitu vyake. Mama anyonyeshaye aendelee kunyonyesha. Hakuna chakula cha dharura kilicho salama kuliko hicho. Kibiriti kifungwe ndani ya kavera mbili. Vitu hivi visinunuliwe kwa siku moja, kwa kuwa mshahara hautoshi, na anayejaribu huishia kununua nusu na kukata tamaa. Kila mwisho wa mwezi kiongezwe kimoja: mwezi huu kilo 2 za unga, mwezi ujao betri za tochi.

SANDUKU LA BATI

Karibu kila nyumba ya askari ina sanduku la bati ambalo mtoto mmoja alikwenda nalo shule ya bweni. Hilo ndilo sanduku la akiba. Halilowi upesi, panya halitafuni, na siku ya uhamisho hupakiwa juu ya lori kama lilivyo. Ndani yake hukaa taa, tochi na betri, redio ndogo, kamba, filimbi, kisu, sabuni, blanketi, nguo moja ya kila mtoto, vitambaa au pedi za akina mama, na kifurushi cha huduma ya kwanza chenye bendeji, pamba, dawa ya kuoshea vidonda na dawa ya homa. Viatu vya kila mtu havikai sandukuni, bali chini ya kitanda, kwa maana tetemeko huvunja vioo na mafuriko huleta misumari, na mtu huruka kitandani akiwa pekupeku.

Dawa za kila siku zataka uangalifu wa pekee. Mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, mwenye kifafa na mwenye kutumia dawa za kupunguza nguvu za virusi vya UKIMWI asingoje hadi kidonge cha mwisho ndipo aende zahanati. Msimu wa mvua ukikaribia, amweleze mhudumu ili apewe za kutosha muda ambao njia huenda zikakatika. Insulini, jokofu likizimika, huweza kutunzwa katika mtungi wa udongo uliowekwa kivulini na kuloweshwa maji kwa nje, kama mababu walivyopoza maji ya kunywa. Chupa yenyewe ifungwe isiloe, na muda wake uulizwe kwa muuguzi.

Halafu yako makaratasi. Hapa lawama ni ya akina baba zaidi. Wako askari wanaojua namba ya bunduki yao kwa moyo, lakini hawajui namba ya kitambulisho cha taifa cha mtoto wao, na mke hajui hata namba ya jeshi ya mumewe. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, nakala za vitambulisho, kitabu cha akiba ya chama cha ushirika, na karatasi moja yenye namba ya askari, jina la kikosi, na simu ya ofisi yake: vyote hivi vifungwe katika kavera nzito na kuwekwa juu kabisa ya sanduku. Mjane ambaye mafuriko yamemchukulia vyeti huanza safari ndefu ya ofisi hata ofisi, akithibitisha kwamba aliolewa na mtu ambaye wote wanajua alikuwa mume wake.

Fedha kidogo iwepo humo, noti ndogo ndogo. Siku hizi fedha nyingi hukaa katika simu, na jambo hilo ni zuri mpaka mnara wa simu unapozimika. Mwenye kibanda hana chenji ya noti ya 50,000, wala hawezi kupokea ujumbe usiofika.

KUJUA MAHALI PA KUKUTANA

Kabla baba hajaitwa, nyumba yote ikubaliane mambo mawili: mahali pa kukutana nje ya kambi ikiwa nyumba haifikiki, kama vile kanisa, msikiti au shule iliyoko juu, na ndugu mmoja anayekaa wilaya ya mbali ambaye kila mtu atampelekea habari. Simu zinapoelemewa, ujumbe mfupi wa maandishi hupita mahali ambapo sauti haipiti. Baba aliyeko Bududa na mama aliyeko Kasese huenda wasisikilizane siku mbili, lakini wote wawili wanaweza kumfikia shangazi aliyeko Masindi, naye akawaambia kwamba watoto wazima. Kwa askari aliye kazini habari hiyo ni msaada mkubwa. Mtu asiyejua hali ya nyumbani kwake hachimbi vizuri. Watoto wafundishwe namba za polisi, 999 na 112, na jina kamili la mahali wanapokaa.

Na zijulikane dalili za kuondoka. Mtelemkoni, ni nyufa mpya ardhini, miti inayoinama, mlango uliokuwa ukifungika vizuri ghafula unakwama, chemchemi safi inatoa tope. Mtoni, ni ngurumo ya mawe kutoka juu, au mto unaopungua ghafula huku mvua ikiendelea, kwa maana huenda umezibwa juu na utafunguka kwa kishindo. Mtu akiona dalili hizo huondoka wakati ule ule, mchana au usiku, na hukimbilia pembeni, si kufuata bonde. Maji yaendayo kasi, yenye kimo cha sentimeta 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Basi asijaribu mtu kuvuka akiwa na mtoto mgongoni kwa kuwa jana palivukika. Tetemeko likianza, walio ndani wajifiche chini ya meza imara, wakifunika kichwa, mbali na kuta na madirisha, mpaka litulie.

Sanduku la bati, pamoja na sifa zote lilizopewa hapa, huachwa ikiwa kulichukua kutachelewesha hata mtoto mmoja. Wako waliokwisha kutoka salama, kisha wakarudi kuchukua godoro.

Sehemu kubwa ya kusini ya nchi hupata mvua mara mbili, Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Desemba. Basi mwezi wa Februari na mwezi wa Agosti sanduku lifunguliwe mbele ya watoto wote. Unga wa zamani uliwe na mpya uwekwe, betri zilizovuja zitupwe, nguo zilizokuwa fupi zibadilishwe, tarehe za dawa zisomwe kwa sauti. Mtoto mkubwa apewe kazi ya kuitafuta taa katika giza, na ndugu zake wahesabu muda anaotumia. Mchezo huo hupendwa sana. Ufunguo wa sanduku utundikwe juu ya msumari nyuma ya mlango, kwa kimo anachoweza kukifikia mtoto wa miaka 8, wala usikae katika mfuko wa suruali ya baba, maana suruali hiyo ndiyo itakayopanda lori.